Majani ya Upande wa Juu

Mwaka ule uzio ulipopita katikati ya malisho yetu, nilishindwa kukaa kitako. Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko barazani kwa mama, mtaa wa Kampemba, Lubumbashi, na kazi yenyewe inataka mtu aliyetulia. Lakini nilikuwa nikishona mkono mmoja wa gauni nanyanyuka, naenda hadi langoni, natazama mbingu, narudi, na nimesahau kama nilikuwa nashona mkono wa kulia au wa kushoto. Wateja wakaanza kunung'unika. Mama alinitazama tu, akaendelea kuchambua mchele wake.

Malisho yale aliyaacha baba. Baba alikuwa muuza nyama, kama baba yake aliyetoka Maniema, na alipoanza kuzeeka alichoka kuchinja ng'ombe wa watu, akataka kufuga wa kwake. Chifu wa eneo moja nje ya mji, upande wa barabara ya Kipushi, alimpa mahali. Kulikuwa na bonde la majimaji ambalo majani yake hayakauki hata mwezi wa tisa, na juu ya bonde kulikuwa na mteremko wa udongo mwekundu ambao hakuna aliyeutaka. Walipatana kwa maneno, mbele ya watu, kwa mbuzi na kitambaa. Baba alipofariki, ng'ombe wakabaki mikononi mwa mama, kaka yangu mkubwa na mimi. Wakati huo nilikuwa nimeachika na kurudi nyumbani, sina la kufanya ila kushona, basi nikajikuta mtu wa ng'ombe.

Kisha ikaja kampuni ya madini na karatasi zenye mihuri. Wakachukua bonde, wakalizungushia uzio. Chifu alisema kwamba karatasi zile naye ameziona kama sisi tulivyoziona, hana la kuongeza. Mteremko wakatuachia.

Kaka yangu, ambaye namwita yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu Lubumbashi, hakuwa mtu wa kukaa na jambo. Amewahi kuuza matairi, amewahi kuendesha lori, amewahi kununua samaki Kilwa, kule ziwani, na kuwaleta mjini nusu wakiwa wameoza kwa ubaya wa barabara. Kila kazi aliianza kwa moto na kuiacha kabla haijapoa. Jioni ya siku ile uzio ulipokamilika alikuja barazani, akakataa kiti.

"Mu ile udongo ya juu hata mbuzi itakufa njaa," alisema. "Tuuzishe ng'ombe sasa, mbele hazijakonda."

Mama alimjibu kwamba mali ya marehemu haiuzwi kwa woga. Kaka akaondoka bila kunywa chai.

Mimi nilikuwa katikati. Nilijua kaka hakosei kuhusu udongo. Majani ya mteremko ule hupanda haraka mvua ikinyesha, yanakuwa marefu kuliko mtu, halafu yanakuwa magumu kama vijiti vya ufagio. Ng'ombe anaweza kushinda ndani yake tangu asubuhi na arudi na tumbo lililojaa, lakini mbavu zinahesabika. Baba mwenyewe aliyatumia kuezekea banda tu.

Aliyenipa wazo alikuwa mteja, mama mmoja wa Katuba aliyekuja kuchukua gauni la arusi ya mdogo wake. Alisomea kilimo, ni agronome, na huwatembelea wakulima wa mahindi kuwapa ushauri. Gauni lilikuwa halijaisha. Nilimwomba radhi, na katika kuomba radhi nikajikuta namsimulia yote, uzio, bonde, ng'ombe, mimi nikiwa nimesimama na mkasi mkononi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama mteremko ule tumewahi kuupa chochote. Nilidhani nimesikia vibaya. Nani anayelipatia pori kitu?

"Mama, majani nayo inakulaka," aliniambia. "Ile udongo yenu, tangu Mungu aiumbe, muliilisha nini?"

Alikuja kuona kabla ya gauni lake kuisha. Alichimba mashimo madogo huku na huku, akachanganya udongo na maji katika chupa, akatumbukiza kikaratasi kilichobadilika rangi. Alisema udongo una uchachu, na mizizi iliyo katika udongo wa namna hiyo hata ukiipa chakula haiwezi kukishika. Kwanza tumwage chokaa na kuiacha ifanye kazi. Kisha samadi ya zizini, ambayo miaka yote tulikuwa tunaigawa kwa wenye bustani za mboga. Mvua ikianza, mbolea ya magunia ya kutia nguvu mizizi, na tupandikize majani mengine yanayotambaa na kufunika ardhi. Mwisho kabisa, mvua ikishazoea na majani yakishasimama, ndipo itiwe ile mbolea nyeupe inayofanana na chumvi, urea, kidogo kidogo, isitiwe yote siku moja. Tusijaribu mteremko mzima. Tuanze na kipande cha karibu na zizi. Na katikati ya kipande hicho tuache mstari mmoja usiopewa kitu.

Kaka aliuliza mstari huo ni wa nini.

"Ni ya macho yenu," alisema. "Muntu akichoka, anaanza kuona kile anapenda kuona."

Kaka alicheka. Alisema mtu mwenye akili hachukui mbolea ya mahindi akaimwagia pori, na majirani watatuimba. Lakini mama alikuwa amekwisha kukubali, na kaka hajawahi kumpinga mama mara mbili. Akasema atatupa msimu mmoja. Tuliuza madume wawili, tukanunua chokaa na mbolea.

Kiangazi kile kilikuwa kirefu kwangu kuliko vyote. Mchunga ng'ombe wetu, mwanaume wa makamo ambaye ukoo wake umekaa pale tangu kabla ya migodi, ilimbidi awapeleke wanyama mbali, kandokando ya barabara, kutafuta majani mabichi penye mifereji. Walirudi wamejaa vumbi, wakilamba kuta za banda. Mwezi wa nane watu walianza kuchoma pori kama kawaida, na kila moshi ulipoonekana upande ule nilipanda pikipiki ya kukodi kwenda kuona kama ni kwetu. Mara nyingi haikuwa kwetu. Nilifika, nikazunguka kipande chetu, nikarudi mjini, na kabla sijavua viatu nilikuwa natamani kwenda tena.

Siku moja nilimkuta mchunga ng'ombe akilima njia pana kuzunguka kipande, ili moto usivuke. Nilimshukuru. Aliegemea jembe, akatazama kule chini kwenye uzio, akaniambia, bila hasira, kwamba lile bonde lilikuwa la babu zake kabla ya baba yangu, na kabla ya kampuni. Alitema mate pembeni akarudi kulima. Njia yake ilikuwa nzuri. Mwezi wa tisa moto ulikuja mpaka ukingoni, ukakosa cha kula, ukageuka.

Chokaa tuliimwaga siku ya upepo, kwa kuwa kaka alikataa kungoja utulie. Ilipanda ikatufunika nywele, nyusi, mdomo, tukawa weupe kama watu waliotoka kinuni. Kaka alipiga chafya mpaka akakaa chini. Nilicheka, naye akacheka, na kwa muda kidogo sikufikiria kesho. Halafu mama alipotuona tumerudi hivyo alitukaripia kama watoto, na wasiwasi ukarudi pamoja na maji ya kuoga.

Mvua ya kwanza ilinyesha Ijumaa mchana, watu wakitoka msikitini. Nilisimama barazani nikiisikiliza ikipiga mabati. Tulipandikiza majani mapya na kutia mbolea ya mizizi, kama tulivyoagizwa. Mvua ikarudi mara mbili tatu. Vichipukizi vikatoka. Urea tuliihifadhi bandani, maana agronome alikuwa ametuonya tusiiguse mpaka mvua ziwe zinashikana mikono na majani yafike katikati ya muundi.

Kaka hakuweza kungoja. Mimi nilikuwa nimezama katika sare za arusi nyingine, na yeye akaenda peke yake, akamwaga yote. Aliniita kwa simu, sauti imejaa furaha.

"Nimemaliza yote," alisema. "Wewe ulale sasa."

Mbingu ikafunga siku ileile. Jua lilipiga juma hilo na juma lililofuata. Nilipokwenda kuona, harufu ilinipokea kabla sijafika kwenye kipande, harufu kali ya mkojo iliyochoma macho. Ncha za majani zilikuwa za kahawia, kama zimepitishwa kwenye moto. Agronome alikuja, akachuchumaa, akachuma jani moja akaligeuzageuza. Hakufoka. Alieleza kwamba urea ikikaa juu ya udongo mkavu chini ya jua, sehemu kubwa inapaa. Tumelisha hewa.

Jioni ile mimi na kaka tuligombana barazani. Alisema namwamrisha kama vile mimi ndiye mwanaume wa nyumba. Nilimkumbusha matairi, nikamkumbusha samaki, nikamkumbusha na lori. Mama alituambia tunyamaze, majirani wanasikia. Asubuhi mfuko wake wa nguo haukuwepo. Alipiga simu akiwa njiani kwenda Kilwa. Alisema anakwenda kununua samaki, ng'ombe tubaki nao sisi tunaowajua.

Jambo ambalo hakuna aliyelijua ni kwamba, kabla ya kuondoka, kaka alikuwa ameyasuuza magunia ya urea katika pipa la zamani nyuma ya zizi, ili yatumike kubebea makaa. Maji aliyaacha mle mle.

Siku chache baadaye mama alitaka kwenda mwenyewe kuyaona hayo majani yaliyowagombanisha watoto wake. Tulifika mchana, na chakula kwenye kikapu. Jua lilikuwa kali. Mchunga ng'ombe alikuwa anawarudisha wanyama, wenye kiu, kwa sababu kijito kimebaki nyuma ya uzio na maji yao siku hizi tunayavuta kisimani. Wawili walimponyoka wakazunguka nyuma ya zizi: ng'ombe mzee ambaye baba alimpenda kuliko wote, na mtamba aliyekuwa na mimba ya kwanza. Hakuna aliyeona ubaya wowote. Walikunywa, wakarudi.

Tulikuwa bado tunakula tulipomsikia mchunga ng'ombe akituita. Ng'ombe mzee alikuwa anatetemeka kuanzia masikio, povu likimtoka, tumbo limevimba upande wa kushoto. Mtamba alikuwa amesimama miguu imepanuka, anahema kama aliyekimbia. Nilizunguka banda, nikaona pipa, nikanusa, nikaelewa. Nilimpigia agronome simu, nikamweleza.

"Siki," alisema. "Siki na maji ya baridi, mingi, uwamwagie mu kinywa. Sasa hivi, mama, usingoje muntu mwingine."

Mama hakuuliza. Alifungua chupa ya achari aliyoileta kwa chakula, ndimu na pilipili zikielea ndani ya siki, akazichuja kwa mtandio wake. Mchunga ng'ombe alirukia baiskeli kwenda kwenye maduka ya barabarani. Mimi nilimshika mtamba taya, nikaliinua, mama akamimina kwa chupa ya soda, pole pole, ili isiende mapafuni. Mnyama alinisukuma nikaanguka kwenye samadi, nikainuka, nikamshika tena. Mchunga ng'ombe alirudi na chupa za siki zimejazana ndani ya shati, nasi tukagawana kazi, yeye na ng'ombe mzee, mimi na mama na mtamba. Tulimimina siki, tukamimina maji ya kisima, tena na tena, mpaka mikono ikafa ganzi.

Ng'ombe mzee alilala ubavu, akanyoosha miguu, akafa. Mtamba alipiga mbweu ndefu inayonuka, akatikisika, na baada ya muda kutetemeka kukapungua. Jua lilipoanza kushuka alikuwa anasimama bila kuyumba.

Watu walikuwa wamekwisha kukusanyika. Nyama ya ng'ombe mzima haipatikani kila siku, na mmoja wao alisema wazi kwamba sisi tukiwa na dini yetu inayokataa mzoga, wao hawana shida na nyama hiyo. Wengine wakaitika. Niliogopa kidogo. Mama alisimama kati yao na mnyama, nguo zake zimelowa siki, akaongea kwa sauti ya kawaida.

"Niliishi na muchinjaji maisha yangu yote. Nyama ninaijua. Hii ilikunywa sumu. Sisi hatuikule, na nyinyi musiikule."

Mchunga ng'ombe akachukua koleo akaanza kuchimba. Alipochoka, yule yule mtu aliyetaka nyama alimpokea.

Nilimpigia kaka kesho yake. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu wa samaki na injini za mitumbwi. Nilimweleza. Akauliza kama ni lile pipa. Nikasema ndiyo.

Alirudi. Mvua zilikuwa zimeanza kweli huko njiani, lori lilikwama, wakalala kwenye matope, wakasukuma, wakakwama tena. Siku aliyoingia mjini hakupitia nyumbani. Tulimfuata shambani, tukamkuta na sururu, anatoboa pipa lile. Alilitoboa chini, akalitoboa pembeni, akaendelea hata lilipokuwa haliwezi tena kushika tone. Mama alimwacha amalize. Kisha akamwambia:

"Ng'ombe inakufaka. Weye ulirudia kwetu."

Kaka alijifuta uso kwa kiwiko. Hakuomba msamaha kwa maneno, na mimi sikumwomba anisamehe kuhusu matairi. Siku iliyofuata alikwenda mwenyewe Katuba kumtafuta agronome.

Mvua zikashikana mikono. Tuliuza tena dume mmoja, tukanunua urea kiasi, na safari hii agronome alisimama pale na mwavuli, akituonyesha jinsi ya kuitupa kwa mkono kama mtu anayewalisha kuku, mawingu yakiwa mazito na ardhi imelowa. Ilinyesha kabla hatujafika bandani. Baada ya majuma machache tukatia tena kidogo.

Sijui niyaeleze vipi majani yale. Yalikuwa na kijani kizito kinachoelekea weusi, laini, yamefungamana chini hata udongo hauonekani. Na katikati ulipita mstari ule tusioupa kitu, mwembamba, wa manjano, vijiti vilevile vya zamani. Nilizoea kwenda kusimama mguu mmoja huku na mwingine kule. Kaka naye alikuwa anakwenda, nilijua kwa nyayo zake. Kila mmoja wetu alitaka kufungua lango mapema, kila mmoja akamkataza mwenzake. Agronome alisema tungoje majani yapate nguvu, na wanyama watakapoingia wale kipande kwa kipande, watoke kabla hawajafika kwenye shina.

Tulipofungua, ng'ombe walisimama mlangoni. Hawakuingia. Yule mtamba, ambaye sasa tumbo lake lilikuwa kubwa, alinyoosha shingo, akanusa, akang'ata mara moja, na wengine wakamfuata. Kisha ikasikika ile sauti ya majani kukatwa, wote pamoja, bila kupumzika. Walikula mpaka kwenye ukingo wa mstari wa manjano, wakajipanga pale kama watu kwenye ukingo wa mto, wakageuka. Mchunga ng'ombe alitoa kofia akajikuna kichwa. Alisema angetaka babu yake aone.

Maziwa yaliongezeka. Majani mengine tuliyakata, tukayakausha na kuyafunika kwa maturubai, na mwezi wa nane, ng'ombe wa majirani walipokuwa wanalamba kuta, wa kwetu walikuwa na cha kutafuna. Hayakutosha mpaka mvua. Mwishoni tulirudi kando ya barabara kama wengine. Mtamba alizaa ndama jike bila msaada. Majirani wawili wakaja kuuliza habari za chokaa, nao ni miongoni mwa wale waliotuimba.

Ningependa kusema nikatulia. Kabla ya mvua za mwaka uliofuata walikuja watu na gari jeupe, wakapigilia nguzo zenye rangi nyekundu juu ya mteremko, kama zile zilizotangulia uzio wa bonde. Hawakueleza. Safari hii kaka hakutaja kuuza. Alikwenda kwa chifu, mama akiwa pamoja naye, wakaomba yale maneno aliyopewa baba yaandikwe. Chifu aliwapokea vizuri, akawaambia warudi. Wamerudi. Bado wanaambiwa warudi.

Wakati huohuo, shehena ya chokaa ilikuwa imefika, na chokaa ikinyeshewa ndani ya gunia imepotea. Nilisema tuimwage upande wa zizi, mahali ambapo hakuna atakayetugusa haraka. Kaka alisema hapana, tuanzie kwenye nguzo, wakirudi wakute udongo una mwenyewe. Tulibishana mpaka mama akachoka kutusikiliza akachukua beleshi. Tukaanzia kwenye nguzo. Mchunga ng'ombe aliuliza kama siku watakapotuondoa watatulipia hata chokaa iliyomo ardhini. Kaka akasema hajui, akapasua gunia lingine.